Somo la Thelathini

16 Februari

Kitinda wangu,

Umefika au hujafika? Wiki ya tatu hii tangu nikusindikize kituo cha basi, na hata kikaratasi cha kusema "Dada, nimetua" sijakiona. Nimeona nianze mimi, maana nikikusubiri wewe nitaota mvi juu ya mvi. Hapa sote wazima, na ninaposema sote ujue ni mimi na paka. Shangazi magoti yanamsumbua, anakusalimia, na anauliza redio yake uliyoifungua ukaiacha nyaya nje ataifunga nani. Mjomba kahamia kwa bintiye. Analalamika kwamba wanamnyenyekea mno, hapati hata mtu wa kugombana naye.

Nyumba imepoa tangu uondoke. Mwezi mmoja tu umekaa, lakini uliizoesha kelele. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, kisha narudisha kimoja kabatini. Chumba chako nimekipaka rangi nyeupe, na kitasa nimebadilisha, ili mwezi wa kumi na mbili mkataba wako ukiisha usikute mlango unaokwama.

Sasa hiyo kompyuta yako uliyoninunulia. Nasema yako kwa sababu imeanza ukaidi, ingekuwa na adabu ningesema yangu. Siku nne za kwanza baada ya wewe kuondoka ilikwenda vizuri. Nikaiweka juu ya meza aliyonichongea Seremala, nikabandika tangazo mlangoni kwamba sasa napiga chapa kwa kompyuta, na siku hiyo hiyo akaja mteja na barua ya kuomba uhamisho, kurasa mbili. Nimefika katikati ya ukurasa wa pili, feni ikaanza kunguruma, kioo kikawa buluu chote na maneno meupe nisiyoyaelewa, halafu giza. Barua ya watu imekwenda na maji! Nikachomoa, nikachomeka, ikawaka. Baada ya robo saa, yale yale. Tangu hapo inanipa robo saa tu kila nikiiwasha. Mteja nilimmalizia kwa taipu yangu ya zamani, ambayo utepe wake umechoka hadi herufi zinasomwa kwa kubahatisha.

Masomo yako ndiyo yananituliza. Ulipokuwa unakaa sebuleni mchana kutwa ukisema unaniandikia masomo thelathini ya kutumia kompyuta, nilidhani unatafuta kisingizio cha kutoosha vyombo. Kumbe kweli. Nimefika la tano. Lile la kuhifadhi faili, uliloweka mfano wa siku ulipoficha kiatu cha Mjomba ndani ya pipa la unga, limenichekesha peke yangu hadi paka akatoka nje. Nasoma moja, nalirudia mpaka nisikosee hata nukta, ndipo nafungua jingine. Ndivyo tulivyofundishwa chuo cha uhazili: macho kwenye mstari unaouandika, ya mbele yana siku yake.

Niandikie, mdogo wangu. Nimekukumbuka hadi naona aibu.

Dada yako


14 Machi

Dada Mkubwa,

Nimetua, naam, na makofi yako nimeyapokea yote, la kulia na la kushoto. Nilipofika nilipatwa na mafua, nilipopona kidogo nikatumwa kiwanda cha saruji, mizani ya malori imeharibika. Kazi yenyewe ni ile ile. Natembea na sanduku langu la mawe ya kupimia, nawaambia watu mizani yao inadanganya, na wao wanakasirika na mimi badala ya kukasirika na mizani. Msalimie Shangazi. Redio aiweke mbali na maji, nitaimaliza.

Hapa nimehamia mahali pakubwa kidogo. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Kuhusu kompyuta usihangaike nayo hata siku moja. Ni mpya, ina waranti ya mwaka mzima. Ibebe, irudishe dukani pamoja na boksi lake na yale mapande meupe ya kuizuia isigongwe, ambayo najua hujayatupa kwa sababu hujawahi kutupa kitu tangu uzaliwe. Risiti ina jina langu, kwa hiyo wanaweza kukuletea maneno. Nimeambatisha barua yenye sahihi yangu kwamba lolote utakaloamua wewe, kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, ni sawa na nimeamua mimi.

Masomo usiyaharakishe, Dada. Moja kwa wiki linatosha. Ukienda hivyo utamaliza mwezi wa tisa hivi, na hapo tutaongea vizuri.

Yule Seremala bado anakuja kupima meza aliyokwisha kuimaliza?

Kitinda wako


11 Aprili

Kitinda,

Hujambo, na hapo mahali pakubwa ni pakubwa kiasi gani kwa mtu mmoja? Ulikuwa unalalamika kufagia hata kile kichumba cha kwanza. Sisi huku wazima. Shangazi ameanza kutembelea fimbo, na anaipenda, anaitumia zaidi kuonyeshea watu makosa yao.

Nilikwenda dukani. Nilikodi mkokoteni, nikatembea pembeni yake nimelishika boksi kwa mikono miwili njia nzima. Meneja wao, yule wa tai fupi, akaisoma barua yako mara mbili, kisha akaniangalia.

"Mama, kwani umeigusa nini?"

"Herufi," nikamwambia. "Nilisikia zinaguswa."

Fundi wao akacheka nyuma ya pazia. Kumbe ni mwanamke, mwembamba, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio. Akanipa kiti, akasikiliza kila kitu: robo saa, feni, buluu. Hakuniona mjinga hata mara moja. Akakaa nayo siku kumi, akabadilisha kifaa fulani kinachogawa umeme humo ndani, akanirudishia akisema sasa itatulia. Nimeifikisha nyumbani, nimeiwasha, nimeketi na saa mkononi. Robo saa na dakika mbili. Buluu.

Zile siku kumi ndizo zilizonionyesha, Kitinda. Nilikuwa napita mbele ya meza tupu nasikia kama kuna mtu kaondoka tena. Si kompyuta niliyoikosa. Ni yale masomo. Unaandika kama unavyoongea, na ukisoma humo ni kama uko jikoni unaniudhi. Sasa niko somo la kumi na moja.

Jambo jingine, nalisema haraka ili nisione haya. Jumapili Seremala alikuja, hakupima meza. Alikaa, akavua kofia, akaniambia wanawe wamefungua karakana kubwa katika mji ule wa kiwanda cha karatasi na wanamtaka ahamie huko mwezi wa nane. Akaniuliza kama ninaweza kwenda naye, niwe mkewe. Mimi! Na miguu hii! Nilicheka kwanza, kisha sikucheka. Ni mtu mpole, na ana mikono safi kwa mtu wa gundi. Lakini nikamwambia ukweli, kwamba mdogo wangu anarudi mwezi wa kumi na mbili, na nyumba aliyotuachia mama siwezi kuifunga kufuli aje akute popo. Akasema amenielewa, atauliza tena.

Unarudi mwezi wa kumi na mbili, sivyo? Andika tu ndiyo, nitosheke.

Dada yako


3 Mei
(Barua hii haikutiwa kwenye bahasha.)

Dada,

Jana nimepata mtoto. Wa kike. Nakuambia wewe wa kwanza, na najua barua hii sitaituma, kwa hiyo sijui namwambia nani.

Nilipokuja likizo nilikuwa nimeoa miezi mitano. Mke wangu anauza miwani katika duka la mpima macho, ni mtu wa maneno machache, utampenda, au utasema ananyamaza kwa kiburi, mojawapo. Mkataba nao nilikuwa nimekwisha kusaini mwingine, wa kudumu. Nilipanda basi nikijua nakuja kukuambia kwamba sirudi tena kuishi huko. Kila asubuhi nilisema leo. Kisha unatoka na vikombe viwili na kuanza, "Ukirudi moja kwa moja tutavunja huu ukuta, jiko liwe pana." Ningesemaje?

Nikaanza kuandika masomo. Mwanzoni yalikuwa masomo kweli. Halafu siku ya mwisho, wewe umekwenda sokoni, nikaandika la thelathini: "Chapa sentensi zifuatazo, kisha upigie mstari maneno muhimu. Sirudi tena kuishi nyumbani. Nimeoa. Mke wangu ana mimba ya miezi sita. Nisamehe." Nilijiona mjanja. Nilijua huruki somo, nikajua nimejipatia miezi. Nilisema ukifika huko utakuwa umezoea kukaa peke yako.

Sikujua kwamba Seremala atakuposa. Sikujua utakuwa unapaka rangi chumba. Nikifikiria unalisoma lile somo na mstari unaupigia kweli, kwa sababu ndivyo ulivyo, utaupigia, natamani kuukata mkono wangu mwenyewe. Sitaki ulione, Dada. Kompyuta hiyo ni bora waichukue.

Mtoto nimempa jina lako.


6 Mei

Dada Mkubwa,

Salamu tele, mimi mzima, kazi nyingi tu. Pole sana kwa usumbufu. Huyo fundi ni mwema lakini usikubali atengeneze tena. Kitu kipya kikishindwa mara mbili hakina maana. Dai nyingine mpya kabisa, ile ichukuliwe yote kama ilivyo. Waambie mimi mwenye risiti ndiye nimesema. Fanya mapema, wiki hii ikiwezekana, kabla hawajaishiwa.

Seremala ni mtu mzuri. Nenda ukaishi, Dada. Nyumba ni matofali.

Nisalimie wote.

Kitinda


12 Juni

Kitinda,

Barua yako nimeipima kwa mkono kabla ya kuifungua, nikajua humu hamna kitu. Nusu ukurasa! Umeniuliza habari za duka kuliko habari zangu. Nimekuuliza neno moja, mwezi wa kumi na mbili, ndiyo au hapana, na wewe umenijibu matofali. Nyumba ni matofali. Nani amekufundisha kusema hivyo?

Haya. Huku hatujambo. Shangazi amelazwa siku tatu, katoka, anawasengenya wauguzi wote, basi amepona.

Dukani nimerudi. Meneja safari hii amelainika, nadhani Fundi alimsema. Wamekubali kunipa mpya, ile ile ya aina yake, imebaki moja stoo. Nikafurahi, nikataka kubeba. Ndipo Fundi akaniambia, "Mama, hii ya zamani inarudi kiwandani na kila kilichomo. Huko wanaifuta." Nikamuuliza, kila kitu? Akasema kila kitu. Nikafunga boksi langu, nikarudi nayo nyumbani.

Usinigombeze. Nimezoea robo saa zake. Nimejipangia: barua fupi nazipiga kwa robo saa moja, naiacha ipoe wakati natia maji chai, narudi. Wosia wa kurasa sita niliupiga kwa siku mbili, nikihifadhi kila mstari wa tatu, kama ulivyonifundisha. Wateja wenye haraka wamekwenda kwingine, hilo siwezi kukuficha. Wengine wamebaki. Na jioni kabla jua halijazama najipa robo saa moja yangu mwenyewe, nasoma somo. Niko la kumi na sita, la kukata maneno na kuyahamisha. Umeweka mfano wa safari yetu ya kumzika baba, mvua, wewe una miaka saba, nimekubeba mgongoni na kwa kuwa viatu vyako vilikuwa vipya ukaniomba nisikuache uvikanyagishe tope. Nilikuwa nimesahau. Wewe hukusahau. Nililia, basi, sikuona hata ilipozimika.

Hivyo usiniambie niirudishe. Humo ndimo unamokaa.

Seremala ameuliza tena. Nimemjibu lile lile. Anaondoka tarehe kumi na nane mwezi wa nane.

Nijibu, Kitinda.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Hujambo. Pole na Shangazi. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Tafadhali ichukue ile mpya. Nakuomba. Hayo masomo ni upuuzi tu, nitakuandikia mengine hamsini, yenye vituko zaidi. Hasa hayo ya mwisho mwisho, kuanzia ishirini kwenda mbele, niliyaandika kwa haraka, yamejaa makosa, hata mimi nayaonea aibu. La thelathini ndilo kabisa, usilifungue, halijakamilika. Kama Fundi anaweza kulifuta hata leo, alifute.

Mimi ndiye niliyeinunua hiyo mashine ili ufanye kazi, si ili ukae mbele yake unalia. Unapoteza wateja kwa ajili ya hadithi za kiatu cha Mjomba. Kuhusu mwezi wa kumi na mbili, mambo ya kazini bado hayajatulia, nitakuambia. Usimkatalie Seremala kwa ajili yangu.

Ningepiga simu kwa jirani lakini najua hupendi.

Kitinda


24 Agosti

Kitinda,

Sipendi simu kwa sababu yako wewe. Kwenye simu unasema "mzima, mzima" mara kumi na moja kisha inakatika, na mimi nabaki nimeshika mkonga wa watu. Kwenye barua angalau huwezi kukata. Unaweza kunyamaza tu, na kunyamaza kwako nakujua.

Watu wote huku wazima. Nimemaliza salamu.

Miaka ishirini na sita nimepiga chapa mambo ya watu. Talaka, wosia, barua za kuacha kazi, za kuomba radhi. Mtu akisimama mlangoni na karatasi ameikunja mara nne, anaanza kuniambia "ni kitu kidogo tu, mama, hata hakina haraka," najua tayari. Na wewe nimekulea, nimekufunga vifungo vya shati. Unadhani barua yako ya Julai sikuiona imekunjwa mara nne? La thelathini. Usilifungue. Lifutwe hata leo. Loo, Kitinda! Hujawahi kujua kuficha kitu. Hata kile kiatu mguu wako mweupe wa unga ndio uliosema.

Siku ile barua ilipofika nilikaa mbele ya kompyuta. Niko somo la kumi na tisa. La thelathini lilikuwa pale pale, chini kabisa ya orodha, mkono wangu uko juu ya mausi. Kubofya mara mbili tu, na robo saa inatosha kusoma lolote. Niliwasha, ikazimika. Nikawasha, ikazimika. Mara nne. Sikulifungua, na nitakuambia kwa nini. Mambo ya wateja huwa sisomi, vidole vinapita tu, ndiyo heshima ya kazi yetu. Lakini wewe si mteja wangu. Kama ni jambo dogo, litangoja. Kama ni jambo kubwa, ulikaa mezani kwangu mwezi mzima, ukanywa chai yangu, halafu ukaiachia kompyuta ije iniambie. Sitaki kuambiwa habari za mdogo wangu na kompyuta mbovu.

Tarehe kumi na tano nimekodi mkokoteni. Fundi akatoa diski mbili mfukoni, akaniambia kimya kimya kwamba Meneja hayupo, anaweza kuninakilia masomo yote, nisiende mikono mitupu. Nikamwambia anakili mpaka la kumi na tisa.

"Na haya mengine kumi na moja?"

"Hayo yaende nayo."

"Mama, una hakika? Yakienda hayarudi."

Nikamwambia mwenyewe yuko hai, anajua kuandika. Akafanya nilivyosema. Nikaweka sahihi kwa barua yako, nikatazama wanaivika mapande yake meupe, wanaifunga kwa gundi ya karatasi. Nilirudi na mpya. Imewaka siku tisa sasa, haijazima hata mara moja. Inafanya kazi vizuri, na siipendi.

Seremala ameondoka Jumapili. Alipita akiwa ameshapakia mbao na vyombo vyote, akashuka, akaniuliza mara ya mwisho. Nikamjibu lile lile, kwa sababu sikuwa na jingine la kumjibu. Wewe hujaniambia.

Kalamu unayo. Sitakuandikia tena mpaka uniambie.

Dada yako


29 Septemba

Dada,

Sianzi na salamu, maana nikianza nitajificha humo.

Sirudi kuishi nyumbani. Si mwezi wa kumi na mbili, si mwakani. Kazi nimeisaini ya kudumu, na niliisaini kabla sijaja likizo. Nimeoa. Nilipokuwa mezani kwako nilikuwa mume wa mtu na mke wangu ana mimba. Tarehe mbili Mei alizaliwa binti. Ana jina lako, lote, la kwanza na la pili.

Hilo ndilo lilikuwa somo la thelathini, isipokuwa mtoto, ambaye alikuwa hajazaliwa. Nilikuwa nimeliandika kama zoezi, eti upigie mstari maneno muhimu. Nikikumbuka najiona mtu wa ovyo kabisa. Niliogopa uso wako, Dada. Sikuogopa utanikemea, ungenikemea ningefurahi. Niliogopa utasema "sawa" kisha uingie jikoni ukae huko.

Hukuwa mzigo kwangu hata siku moja. Nilikuwa nakutaka wewe na nawataka hawa, na nikaona nikinyamaza sitapoteza yeyote. Kumbe nilikuwa nakupotezea wewe maisha yako kwa miezi. Sijui kama Seremala ana anwani. Nitamwandikia mimi mwenyewe, nimweleze kosa ni la nani, ukiniruhusu.

Najua, huku nimekaa napima mizani za watu, na yangu ndiyo inayodanganya. Sema lolote, sitajitetea.

Mke wangu anauliza kila siku kama umejibu. Sasa anakujua kuliko majirani wake. Namsimulia kila kitu, nikimaliza naanza tena. Nakukumbuka, Dada. Nakukumbuka nikiwa mezani nakula na hawa, na nashindwa kuwaambia kwa nini nimeacha kula.

Kitinda wako


27 Novemba

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja Oktoba. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, nisije nikakuandikia maneno ambayo huwezi kuyafuta baadaye.

Siku ya kwanza nilifunga mlango, nikageuza tangazo. Siku ya pili pia. Nililia kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kunisikia. Siku ya tatu alikuja mtu na maombi ya kazi, nikampigia, nikakosea herufi nne katika ukurasa mmoja, mimi. Akasema mama, unaumwa? Nikamwambia ndiyo.

Hasira yangu si kwamba umeoa. Ungeoa hata wawili. Wala si kwamba hurudi, watu wazima huenda wakakaa wanakotaka. Ungeniambia ile siku unapokea kikombe cha kwanza, ningekaa jikoni kwangu wiki moja, kisha ningetoka, na Seremala alipovua kofia yake ningekuwa na jibu jingine. Ningekwenda naye, Kitinda. Nilitaka kwenda. Nimelisema mara moja, na sitalirudia tena maishani, wala usimwandikie. Mtu ameuliza mara tatu, ametosha.

Chumba chako nimempangisha Fundi. Mwenye nyumba wake alimpandishia kodi, na mimi nilikuwa na rangi mpya na kitasa kipya bila mtu. Anaimba akioga, vibaya. Asubuhi ananikuta nimetoa vikombe viwili na hajui kwamba sikuvitoa kwa ajili yake. Nimempa kimoja tu, ya nini kumweleza.

Sijakusamehe yote. Nimesamehe kama nusu, na hiyo nusu nyingine naona inapungua nikikumbuka huyo mtoto, halafu inaongezeka nikikumbuka ana miezi saba na nilikuwa sijui. Miezi mitano nilikuwa nimezaliwa upya mahali, na hakuna aliyeniambia! Mwambie mkeo nimemsalimia. Mwambie awe anakuzaba kidogo kwa niaba yangu, mahali ambapo haumii. Mje. Sikuulizi lini. Nimekoma kuuliza lini.

Na usiniandikie tena habari za kompyuta, inafanya kazi. Niandikie za mtoto. Anakaa bila kushikiliwa? Analia usiku au analala kama watu? Meno je? Na ukimwita kwa jina langu, anageuka?

Dada yako